Kuchunguzwa Saratani ya Matiti Ukiwa na Vipandikizi: Tathmini ya Huduma kwa Mkazi wa Tabora

Mwanamke mwenye vipandikizi vya matiti, yaani mifuko ya silikoni au ya maji ya chumvi iliyowekwa ndani ya titi kwa upasuaji, anayeishi Tabora na anayetaka kuchunguzwa saratani kabla hajaona dalili yoyote, ana njia tatu mbele yake: ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) inayopatikana hapa hapa mjini, mamografia (picha ya eksirei ya titi) ambayo mimi niliifuata Mwanza, na MRI (picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku) niliyofanyiwa Dar es Salaam. Zote nimezipitia kwa fedha yangu mwenyewe, na ninachoandika hapa ni tathmini ya mtumiaji wa huduma, si ya daktari. Hukumu yangu naitanguliza ili mwenye haraka aondoke nayo. Mamografia ndiyo kipimo cha msingi na haijapata mbadala, lakini thamani yake kwa mwenye vipandikizi hutegemea mikono ya anayekupiga picha kuliko upya wa mashine. Ultrasaundi ni msaidizi mzuri ambaye watu wamemvika cheo kisicho chake. MRI ina nguvu kubwa, lakini wengi wetu hatuihitaji kwa ajili ya kutafuta saratani, na wanaoihitaji kwa ajili ya jambo jingine mara nyingi hawaambiwi.

Wapo watakaosema kwamba habari za vipandikizi ni za Dar es Salaam na za wasanii. Si kweli. Tabora ina wanawake waliofanya kazi Muscat na Dubai kwa miaka, ina wafanyabiashara wanaofuata mizigo Uturuki, ina waliojengewa titi upya baada ya kukatwa kwa sababu ya saratani yenyewe, na siku hizi Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, nayo inatoa huduma za upasuaji rekebishi. Tatizo ni kwamba tunajificha. Mtu yuko radhi kumwambia fundi wake wa nguo kuliko kumwambia muuguzi, kwa kuwa fundi ni lazima apime kifua, ilhali muuguzi huenda akakutana na shangazi yako sokoni. Vyangu niliwekewa Muscat, ni vya silikoni, na vimekaa nyuma ya msuli wa kifua. Nayataja haya yote mapema kwa sababu kila kimojawapo kinabadilisha namna ya kupimwa.

Vipandikizi havimwongezei mwanamke hatari ya kupata saratani ya titi ile ya kawaida. Hilo limechunguzwa kwa muda mrefu na katika nchi nyingi. Vinachofanya ni kuficha. Miali ya eksirei haipenyi vizuri kwenye silikoni, kwa hiyo kwenye picha kipandikizi hutokea kama duara jeupe zito, na tishu iliyo nyuma yake au kandokando yake hufunikwa. Kilichowekwa juu ya msuli, moja kwa moja nyuma ya tezi za maziwa, huficha zaidi kuliko kilichowekwa chini ya msuli. Cha maji ya chumvi hupitisha miali zaidi kidogo kuliko cha silikoni, lakini nacho hakikosi kuficha. Utafiti ulioongozwa na Diana Miglioretti na kuchapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2004 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake wasio na dalili, mamografia ilinasa asilimia 45 ya saratani za wenye vipandikizi, ilhali kwa wasio navyo ilinasa karibu asilimia 67. Utafiti huo huo ulikuta kwamba saratani za wenye vipandikizi hazikuwa zimefika hatua mbaya zaidi wakati wa kugunduliwa, jambo linalotuliza moyo kidogo. Hata hivyo, pengo hilo linatosha kumfanya mtu aulize maswali kabla ya kulipa.

Huduma ya kwanza niliyoitumia ilikuwa ultrasaundi katika kliniki moja ya binafsi hapa mjini. Mazingira ni safi, foleni inafuatwa, malipo yanafanyika kwa simu bila mtu kuzungushwa, na mhudumu wa mapokezi anasalimia kwa heshima. Fomu yao inauliza kama una mimba, kama unanyonyesha, kama una mzio wa dawa, na hata jina la balozi wa mtaa wako. Haiulizi kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa matiti. Niliandika mwenyewe pembeni mwa karatasi, kwa herufi kubwa. Mtaalamu alinipaka jeli, akapitisha kifaa kwa kasi kuliko nilivyotarajia, na baadaye nikakabidhiwa ripoti yenye sentensi moja ya matokeo, kwamba matiti yote mawili yako sawa. Vipandikizi havikutajwa popote. Ripoti inayoeleza matiti yangu bila kutaja mifuko miwili ya silikoni iliyomo ndani yake haiwezi kunishawishi kwamba ingeona kitu kidogo kama punje ya mtama.

Nilirudi, nikaomba mtaalamu mwingine, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba jengo moja, mashine moja na bei moja vinaweza kutoa huduma mbili zisizofanana. Huyu alikuwa binti mdogo, mwenye umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alipomaliza kunisalimia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, vimewekwa juu ya msuli au chini yake?" Baada ya hapo alifuata ukingo wa kila kipandikizi polepole akizunguka titi zima, akasimama mara kadhaa kupima, akahamia kwapani kuangalia tezi, akanigeuza ubavu ili aone vizuri sehemu ya nje ambayo hulalia mkono. Ripoti yake ilikuwa na aya za kutosha: hali ya tishu, hali ya ganda la kipandikizi, mikunjo miwili ya kawaida iliyoonekana upande wa kushoto, na tezi za kwapani. Kliniki hiyo nawapa alama nzuri kwa ajili yake, na alama mbaya kwa kutokuwa na utaratibu unaomlazimisha kila mtaalamu afanye kama yeye.

Sifa za ultrasaundi ni za kweli. Haina mionzi, haibani, hutofautisha uvimbe wenye maji na uvimbe mgumu, na huwasaidia hasa wenye matiti yenye tishu nzito, ambao ni wengi miongoni mwa wanawake wasiofika umri wa kukoma hedhi. Inaweza pia kuonyesha kipandikizi kilichopasuka, ama kwa mistari sambamba ya ganda lililoporomoka ndani ya silikoni, ama kwa ukungu mweupe pale silikoni inapovujia kwenye tishu au kwenye tezi za kwapani. Kama kuna uvimbe unaotakiwa kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, ultrasaundi ndiyo inayomwongoza daktari kupitisha sindano ikiwa imelala sambamba na ukuta wa kifua, ili isichome mfuko. Kinachoikwaza ni chembe za chokaa. Saratani nyingine za mwanzo kabisa, zile ambazo bado zimo ndani ya mirija ya maziwa, hujitambulisha kwa chembe ndogo mno za chokaa, na hizo ultrasaundi huzikosa mara nyingi ilhali mamografia huziona. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na ushauri unaotolewa kirahisi hapa mjini, hata na baadhi ya watumishi wa afya, kwamba mwenye silikoni afanye ultrasaundi tu na imetosha.

Kwa ajili ya mamografia nilipanda basi la Mwanza, kupitia Nzega na Shinyanga. Nilitangulia kupiga simu kwenye hospitali moja, nikaeleza hali yangu, nikajibiwa kwa uchangamfu, "Njoo tu mama, mashine ipo, mpya kabisa." Mashine ilikuwapo, na kweli ilikuwa mpya. Mtaalamu wa mionzi alinipiga picha mbili kwa kila titi, moja kutoka juu na moja ya mshazari, kama anavyopigwa mwanamke yeyote, na kwa kuogopa kupasua mfuko alibana kidogo sana, kiasi kwamba nilihisi sahani imenigusa tu. Nilipomuuliza kuhusu picha za kusukuma kipandikizi nyuma, alinijibu kwa ukweli unaostahili heshima kwamba hajawahi kufundishwa kuzipiga. Picha zilitoka zikiwa na maduara meupe mawili na ukingo mwembamba wa tishu mbele yake. Bili haikupunguzwa.

Utaratibu niliokuwa nauulizia si siri wala si mpya. Ulielezwa mwaka 1988 na daktari wa radiolojia wa Marekani, G. W. Eklund, pamoja na wenzake, na mpaka leo picha hizo huitwa kwa jina lake. Mwenye vipandikizi hupigwa picha nne kwa kila titi, yaani nane kwa jumla badala ya nne. Mbili za kwanza hupigwa kipandikizi kikiwa mahali pake, na mbano wake huwa mwepesi kwa sababu unatakiwa kukituliza tu. Picha hizo huonyesha kipandikizi chenyewe na tishu iliyo nyuma kabisa. Mbili zinazofuata ndizo zenye uzito: mtaalamu hukisukuma kipandikizi nyuma kuelekea mbavuni, akaivuta tishu mbele juu ya sahani, kisha akabana tishu peke yake kwa nguvu ya kawaida. Bila picha hizo, tishu ya mbele haitandazwi vizuri, na picha isiyotandazwa hufichua kidogo.

Hospitali ya pili, katika jiji hilo hilo, ilinionyesha kazi hiyo inavyofanywa na mtu anayeijua. Mtaalamu alikuwa mwanamama wa makamo. Alisoma kadi yangu ya kipandikizi kabla hajanigusa, akaniuliza kama titi lolote limewahi kukakamaa, akayapapasa yote mawili kutafuta ukingo wa mfuko. "Dada, mimi nitasukuma, wewe legeza bega, nikisema shika pumzi ushike," aliniambia. Kwa ncha za vidole vya mkono mmoja alikiviringisha kipandikizi juu na nyuma, kwa mkono mwingine akaivuta tishu mbele mpaka ikalala juu ya sahani ya baridi, akaniinamisha kidogo kiunoni, kisha akateremsha mbano taratibu kwa kukanyaga pedali, akiviondoa vidole vyake mwisho kabisa, kimoja baada ya kingine, ili mfuko usipate nafasi ya kurudi mbele. Picha moja ya upande wa kulia aliirudia kwa sababu ukingo wa silikoni ulikuwa umechungulia kwenye pembe. Alinionyesha kwenye kioo akaniuliza kama niko tayari kuvumilia mara nyingine, nami nikakubali.

Kuhusu maumivu, nilikuwa nimeambiwa mengi na nilikuta machache. Picha za kusukuma nyuma hubana tishu tu, kwa hiyo uchungu wake si mkubwa kuliko wa mwanamke asiye na vipandikizi, na kwa wengine ni mdogo zaidi. Ukienda katika juma linalofuata hedhi, matiti hayawi na maumivu yale ya siku za kabla yake. Kuhusu mfuko kupasuka, jambo hilo limewahi kutokea duniani lakini ni nadra, na hatari yake ni ndogo kuliko hatari ya kukaa miaka bila kupimwa. Uwezekano huwa mkubwa zaidi kwa vipandikizi vya zamani vilivyochoka, na ndiyo sababu umri wa kipandikizi ni habari ya kumpa mtaalamu kabla hajaanza. Mionzi nayo inatishia watu bila sababu ya kutosha. Mamografia ya kawaida ya picha mbili kwa kila titi hutoa takriban milisiveti 0.4, kiasi ambacho mwili hukipata kutoka katika mazingira kwa muda wa wiki 7 hivi. Picha nane huongeza kiasi hicho, lakini kinabaki kidogo. Jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka nyumbani ni kwamba poda, marashi na vizuia jasho vya kwapani havitakiwi siku hiyo, kwa kuwa baadhi yake huacha chembe zinazoonekana kwenye picha kama chokaa ya ndani ya titi. Kwa safari ya joto kama ya Tabora hadi Mwanza, mtu angependa kujua hilo mapema na kubeba taulo na sabuni.

Si kila mwenye vipandikizi anaweza kupigwa picha za Eklund. Kovu linalozunguka mfuko likikakamaa, titi huwa gumu na kipandikizi hakisogei; mtaalamu mzuri hatalazimisha, bali ataongeza picha ya ubavuni iliyonyooka na kukuelekeza kwenye ultrasaundi ili kujazia. Hapo ndipo ultrasaundi inapostahili nafasi yake. Mamografia ya tabaka, ile inayopiga picha nyingi za pembe tofauti na kuziunganisha zionekane vipande vipande, husaidia kutenganisha tishu zinazolaliana, nayo pia hupigwa kwa kusukuma kipandikizi nyuma. Ukiipata, ichukue; usipoipata, picha nane za kawaida zilizopigwa vizuri si za kudharau. Waliojengewa titi upya baada ya kukatwa lote hawapigwi mamografia ya kawaida upande huo, kwa kuwa tishu ya titi imekwisha kuondolewa karibu yote, lakini titi lililobaki wasiliache.

Ratiba haibadiliki kwa sababu ya vipandikizi. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linapendekeza mamografia kila baada ya miaka 2 kwa wanawake wa miaka 40 hadi 74, ilhali Shirika la Afya Duniani huweka mkazo kwa wa miaka 50 hadi 69 katika nchi zenye uwezo wa kuendesha mpango huo. Mimi nimefuata ule wa kuanzia 40, kwa kushauriana na daktari wangu. Kinachobadilika ni muda wa kukaa chumbani. Omba nafasi ndefu unapoweka miadi, na useme sababu. Kwa mantiki hiyo siwashauri wenye vipandikizi kutegemea kambi za upimaji za siku moja kwa ajili ya mamografia, hata zikiwa za bure, maana foleni iliyojaa uwanja haimwachii mtaalamu nafasi ya kuviringisha mfuko wa mtu mmoja kwa utulivu.

Kambi hizo hata hivyo zina kitu kimoja ninachokisifu bila masharti, nacho ni kupimwa kwa mkono. Muuguzi mzee wa kituo kimoja cha serikali, ambaye alinipokea kwa "Mwangaluka" na kuchukua muda wake kana kwamba hapakuwa na watu nje, alinifundisha kuutambua ukingo wa kipandikizi changu kwa kidole, laini na mrefu na uleule kila mwezi, ili kitu kipya kikitokea nisikifananishe nao. Kipandikizi husukuma tishu ya titi mbele, na uvimbe ulio juu yake unaweza kushikika mapema kuliko mtu anavyodhani. Kipimo hicho hakichukui nafasi ya mamografia, lakini kwa mkoa ambao mamografia ni safari, mkono wa muuguzi aliyefundishwa ni huduma ambayo ningeilipia kama ingekuwa inalipiwa.

MRI naifupisha kwa sababu wengi wenu hamtaihitaji. Unalala kifudifudi, matiti yakiwa yameshuka ndani ya kifaa maalumu chenye nafasi mbili, mashine inagonga kwa kelele kubwa, na unatakiwa kutulia. Huduma ya Dar es Salaam ilikuwa ya kiwango cha juu, wahudumu walinipima figo kwanza kabla ya dawa ya kuonyeshea, na walirudia kuniuliza kama nina chuma chochote mwilini. Swali hilo si la mapambo: mifuko ya muda ya kutanua ngozi, wanayowekewa baadhi ya waliokatwa titi kabla ya kujengewa jipya, mara nyingi huwa na sumaku kwenye mdomo wake, na mwenye nayo hatakiwi kuingia kabla ya kuchunguzwa aina yake. Dosari niliyoiona ilianzia kwenye karatasi ya rufaa niliyotoka nayo, iliyoandikwa "MRI ya matiti" bila neno la ziada. Kuna vipimo viwili tofauti ndani ya maneno hayo. Cha kutafuta saratani ni lazima kitumie dawa ya kuonyeshea inayopitishwa kwenye mshipa. Cha kuangalia kama mfuko wa silikoni umepasuka hakihitaji dawa hiyo. Mtu anaweza kulipia kimoja akidhani amepata vyote viwili.

Kwa upande wa saratani, MRI ya kila mwaka hupendekezwa kwa wenye hatari kubwa, kwa mfano waliorithi mabadiliko katika jeni za BRCA, na hupendekezwa pamoja na mamografia, si badala yake. Kuwa na vipandikizi peke yake hakukuingizi katika kundi hilo. Kwa upande wa mfuko wenyewe, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilishauri mwaka 2020 kwamba mwenye vipandikizi vya silikoni asiye na dalili aangaliwe kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, na baada ya hapo kila miaka 2 hadi 3, kwa sababu silikoni ikipasuka mara nyingi haitoi dalili yoyote. Ushauri huo una neno "au", na neno hilo ni nafuu kubwa kwa mkazi wa Tabora: binti yule wa kliniki, au mwingine wa aina yake, anaweza kuifanya kazi hiyo, na MRI ikabaki kwa pale atakapoona jambo lenye utata. Bei ya MRI niliyolipa, ukijumlisha nauli na malazi, ingenilipia ultrasaundi za miaka mingi.

Kuna aina moja ya saratani ambayo vipandikizi vinahusika nayo moja kwa moja, na haitafutwi kwa mamografia. Ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili, inayoota kwenye kovu linalozunguka mfuko, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitambua rasmi mwaka 2016, na ambayo imehusishwa zaidi na vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza kuliko vyenye ganda laini. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL kwa sababu hiyo. Ni ugonjwa wa nadra, na dalili yake ya kawaida ni titi moja kuvimba kwa maji, miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kwa dalili hiyo ultrasaundi ndiyo ya kuanza nayo, na maji yavutwe kwa sindano yapelekwe maabara, yasivutwe na kumwagwa. FDA haikushauri wasio na dalili kuvitoa. Hata hivyo ni muhimu kujua umewekewa nini, na hapo narudia suala la kadi. Hospitali nyingi za nje hutoa kadi ndogo yenye kibandiko cha jina la kampuni, namba ya toleo, ujazo na aina ya ganda. Wanawake wanne niliozungumza nao hapa Tabora hawana kadi zao, na mmoja hajui hata kama vyake ni vya silikoni au vya maji. Mwandikieni daktari aliyewafanyia upasuaji mngali mnaweza kumpata. Wanawake waliopewa vipandikizi vya kampuni ya PIP ya Ufaransa, ambayo mwaka 2010 iligundulika kutumia silikoni ya viwandani, walitambuliwa kwa kumbukumbu kama hizo.

Wale waliodungwa silikoni ya majimaji au mafuta moja kwa moja kwenye titi, bila mfuko, wasome haya kwa tahadhari, maana hali yao ni nyingine. Hakuna kipandikizi cha kusukuma nyuma. Kilichodungwa husambaa na kutengeneza vinundu vinavyofunika picha za mamografia na kutia giza ultrasaundi. Kwao MRI yenye dawa ya kuonyeshea ndiyo inayoona vizuri zaidi, na fedha ya safari ya Dar es Salaam kwao si anasa.

Kabla hujakata tiketi ya basi, piga simu ukaombe kuzungumza na mtaalamu wa mionzi mwenyewe, si mapokezi, na umuulize anapiga picha ngapi kwa mwenye vipandikizi. Akijibu nne kwa kila titi, safiri. Akijibu kwamba mashine ni mpya, tafuta hospitali nyingine. Waulize pia watu wa bima yako kama wanalipia uchunguzi wa asiye na dalili au wa mwenye dalili tu, na jibu walitoe kwa maandishi.

Ukimaliza, usiondoke na ripoti pekee. Dai picha zenyewe kwenye sidii au flashi, uzijaribu kwenye kompyuta yao kabla hujatoka mlangoni, kwa sababu za kwangu za hospitali ya kwanza zilikataa kufunguka na ikabidi nisimame dirishani mpaka zitolewe nakala nyingine. Daktari atakayekusoma baada ya miaka 2 atataka kulinganisha picha na picha, na ukingo wa kipandikizi uliosogea kidogo au kivuli kilichoongezeka haviwezi kulinganishwa na sentensi iliyoandikwa kwenye karatasi.